Kaburi la Bwana Tak-tak

Mie nikisimulia jambo, watu nawataja kwa majina. Sipendi hizi hadithi za "bwana mmoja" na "bibi mmoja wa mahali fulani". Hizo ndizo hadithi za waongo, kesho ukimtafuta huyo bwana humpati. Haya yalimpata mume wangu wa ndoa, Kondo bin Mwishehe, fundi cherehani wa Mbweni, na anayetaka kunibishia apande Madale akalitazame kaburi kwa macho yake. Lipo. Na aende mchana, maana hili wala si jambo la usiku.

Mwenyewe naitwa Mwanaasha binti Marijani. Nimezaliwa Mbweni, nimeolewa Mbweni, na wanaonijua watakwambia mie ni mgomvi. Kweli. Lakini muongo, hapana.

Kondo alikuwa na kichwa, jamani. Mafundi wengine huandika vipimo vya watu kwenye daftari. Yeye alikupima mara moja tu kwa utepe wake, basi. Ukirudi baada ya mwaka na kitambaa kingine, alikutazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Tumbo umeongeza inchi mbili, bwana," na kanzu ikakukaa sawasawa. Watu wakacheka, na mie nikajiona nimeolewa na mtu wa maana. Kumbe kichwa hicho ndicho kitakachotuponza.

Mwaka wa thelathini na tatu alikuja Mzungu mmoja, Daktari Thorley, akajenga nyumba Madale, juu vilimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwetu. Hakuwa daktari wa dawa. Ukimpelekea homa yako alikwambia nenda mjini. Yeye alikuwa anapima kumbukumbu za watu. Alikuja na karani wake, Apolinari, Mhaya wa Bukoba, kijana mpole mwenye Kiswahili cha shule, na huyo ndiye aliyetueleza kwamba huko Ulaya bwana wake anasifiwa sana. Eti ni katika watu wa mwanzo walioitoa akili ya binadamu kwenye maneno matupu wakaiweka mezani, ipimwe kama unavyopimiwa sukari dukani. Madale alipapenda kwa sababu ya kimya.

Akasikia habari za Kondo, akamwita. Kuanzia hapo kila Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, mume wangu alifunika cherehani yake akapanda mlima.

Kazi yenyewe alinihadithia, na sie tulicheka sana. Daktari anamkalisha mezani. Mezani kuna kisanduku cha mbao kilichochongoka juu, na mbele yake kijiti cha chuma kinayumba kulia na kushoto. Tak. Tak. Tak. Kwa kila tak Daktari anafunua kadi moja, na kwenye kadi pana neno. Si neno la Kiswahili, si la Kizaramo, wala la Kizungu. Zup. Kev. Mib. Dof. Kondo ayashike kwa mpangilio wake, kisha ayaseme tena baada ya siku, baada ya wiki, baada ya mwezi, na Daktari aandike lipi limebaki na lipi limetoka. Ndipo watu wa Mbweni wakamwita Bwana Tak-tak, na Kondo akisikia hivyo alikuwa anakasirika, maana alimpenda yule mzee.

Sharti la kazi lilikuwa moja. Neno lisiwe na maana kwa anayelisema. Kondo akitabasamu tu, akisema hili limenikumbusha kitu, Daktari anaichana kadi ile. Na siku moja alimwambia kwamba kichwa cha mtu ni kibanda kidogo. Ukiingiza neno jipya, la zamani linasogea mlangoni. Ukizidi kuingiza, kuna la kwako litatoka nje.

"Basi wewe angalia nisitoke mie," nikamwambia.

"Utoke uende wapi, Mwanaasha?" akasema. Alikuwa anapenda kuniita jina langu, akilivuta kidogo mwisho. Wanaume wa kwetu huwaita wake zao "mama fulani", yeye hakufanya hivyo hata tulipopata mtoto.

Daktari alikufa mwezi wa tatu, mwaka wa thelathini na tano, homa ya mkojo mweusi. Alikufa Jumatano, akazikwa Alhamisi, pale pale uani kwake, maana alisema mwenyewe hataki kupelekwa mjini. Wakaja Wazungu watatu na padri kwa motokaa. Wakasoma, wakatupa udongo, na jasho halijawakauka motokaa imeshateremka. Apolinari akaingia ndani kufunga masanduku. Kaburini akabaki Kondo peke yake.

Sasa, kwetu pwani maiti haachwi hivyo. Watu wakishafukia, mwalimu anakaa kichwani mwa kaburi anamsomea talkini. Anamwita marehemu kwa jina lake, anamkumbusha majibu yake, kwamba utaulizwa hivi, wewe jibu hivi, usibabaike. Hata mtu mwovu vipi husomewa. Kondo akatazama lile tuta la udongo, halina mtu, akaona haya kwa niaba ya Wazungu wote.

Alirudi nyumbani magharibi imeingia, magoti yana udongo.

"Maskini ya Mungu, hakuna aliyekaa naye," akaniambia. "Nimekaa mie."

"Umemsomea nini? Yule si Muislamu."

"Talkini sikuthubutu. Nimemsomea yale maneno yake. Ile orodha ya mwisho."

"Yote?"

"Yamefika kumi na moja," akasema. "Ilikuwa yawe kumi na mawili. La mwisho limenipotea, Mwanaasha. Nimekaa pale kulitafuta hadi jua limezama. Na kila nikitaka kuinuka naona kama bado ananingoja."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilimcheka mume wangu. Nikampa maji ya kunawa, tukala.

Wiki iliyofuata mafundi walikuja kumwaga saruji juu ya kaburi. Ilipokuwa bado mbichi Kondo akachukua ncha ya mkasi wake akachora yale maneno kumi na moja, moja chini ya jingine, na namba zake. Akaandika na namba ya kumi na mbili, mbele yake akaacha wazi. Alisema akilikumbuka atakuja kulijaza. Akawa anapanda kila Alhamisi, kama mtu anayezuru kaburi la mzazi wake, na mrehani anachukua. Anakaa kichwani, anasoma kumi na moja, anangoja la kumi na mbili. Halafu anarudi.

Ukiniuliza ilianza lini, sijui. Ilianza kwa vitu vya kuchekesha. Mwaka wa kwanza alisahau jina la samaki. Amemshika changu mkononi, anamgeuzageuza, "Huyu tunamwita nani vile?" Tukacheka. Kisha akasahau vipimo vya mteja mmoja, akasahau vya wa pili, na wateja wakamtania kwamba kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi, fundi sasa kichwa kimekuwa chepesi. Naye akacheka. Akanunua daftari, akaanza kuandika kama mafundi wengine.

Mwaka wa thelathini na saba nikajifungua binti yetu. Alikuwa mtoto wa pekee na amebaki wa pekee. Kondo alimpenda mpaka watu wakasema. Alimshonea vigauni kwa vipande vya vitambaa vya wateja, na alipoanza kutembea akawa anakaa chini ya meza ya cherehani, anaokota pini. Kwa muda nikaona mume wangu amepona.

Hakuwa amepona. Mwaka wa arobaini tulipita makaburini akaniuliza hili la nani. Lilikuwa la mama yake. Mwaka uliofuata alitoka asubuhi kwenda kisimani, kisima anachotekea tangu utotoni, akarudi na ndoo kavu. "Njia imekwenda wapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini, ili mtoto asisikie.

Na yote hayo yalikuwa yanatokea Ijumaa. Nilichelewa kulitambua hilo. Alhamisi anapanda Madale. Ijumaa asubuhi kuna kitu hakipo.

Nikamwambia asiende. Akaniahidi. Alhamisi ikifika, alasiri ikisaliwa, miguu inamwasha, anazunguka uani, anashika mlango anauachia, anakaa anainuka, mwishowe anapanda. Usiku halali. Midomo inacheza yenyewe. Zup, kev, mib, dof, vaj, rul, pif, gos, nuv, hib, zok. Halafu anatulia, ameinamisha kichwa, kama mtu aliyeulizwa swali. Nimelala pembeni ya maneno yale miaka mpaka na mie nikayajua. Sikuyataka, yaliingia tu.

Mtaniuliza, kwa nini hamkwenda kwa mganga? Tulikwenda, Bunju, kwa mtu mwenye sifa. Akatukaribisha vizuri, akamwambia Kondo hebu yaseme hayo maneno. Kondo akasema la kwanza. La pili. La tatu. Mganga akainua mkono, "Basi, baba, basi." Akakusanya tunguri zake zote, akatuambia tuondoke kabla hajayashika. Alitusindikiza hadi njiani, na tulipogeuka alikuwa ameziba masikio.

Kisha ikaja Alhamisi moja ya mwaka wa arobaini na nne. Kondo amerudi Madale, ameingia uani. Binti yetu, miaka saba, akamkimbilia kama kawaida yake, akampokea mfuko. Kondo akamshika kichwa, akatabasamu. Mie ninayajua matabasamu ya mume wangu. Lile lilikuwa la mtoto wa jirani.

Akanisogelea, akaninong'oneza, "Mtoto mzuri huyu. Wa nani?"

Akanitazama, akamtazama mtoto, kisha uso wote ukabadilika, akajipiga paji la uso. "Binti yangu! Ah, binti yangu." Akamwita jina lake mara tatu, mara nne, amemkumbatia, analia. Mtoto anacheka, anadhani ni mchezo. Na mie nimesimama na mwiko mkononi, ninajua. Safari hii amerudi. Alhamisi ijayo hatarudi.

Nikagundua jambo jingine usiku ule. Tangu lini hajaniita Mwanaasha? Nilihesabu nyuma. Miezi. Alikuwa akisema "wewe", akisema "bibie". Jina langu lilishatoka nje, na mie sikulisikia likitoka.

Jumamosi nikamtafuta Apolinari. Wakati huo alikuwa karani mjini, lakini kila Jumamosi alikuja Mbweni kununua samaki. Nikamvuta pembeni.

"Shikamoo isubiri," nikasema. "Wewe ndiye uliyekuwa ukiandika zile kadi. Nipe neno la kumi na mbili nimpelekee maiti wenu, aniachie mume wangu."

Akaweka kapu chini. Rangi ilimtoka.

"Mama, Kondo hakusahau neno," akasema polepole. "Kadi ya kumi na mbili ilikuwa tupu, wala haikuwahi kufunuliwa. Bwana aliiacha tupu makusudi."

"Makusudi ya nini?"

"Maneno yasiyo na maana alikuwa ameshayamaliza. Kwa la mwisho alitaka neno ambalo mwanzoni lina maana kubwa kwa mtu, na mwishoni halina kabisa. Alitaka kuona njia linayopita likitoka." Akatazama huku na huku. "Alisema atalijaza baadaye. Na yeye, mama, hakuwahi kuacha karatasi yake na pengo. Hata homa ilipompanda alikuwa anaiomba ile kadi."

Tangu siku hiyo Apolinari hakuja tena kununua samaki kwetu.

Alhamisi ikafika. Nilificha viatu vya Kondo na kanzu yake. Nikamwita binti yetu, nikamwekea mkono wa baba yake mkononi mwake. "Usimwachie," nikamwambia. "Hata akilia. Hata akikwambia ana kiu. Usimwachie mpaka nirudi." Akakaza vidole. Mie nikachukua fagio, nikapanda Madale.

Ndiyo, fagio. Nilikuwa nakwenda kugomba.

Nyumba ya Daktari ilishaanguka paa. Uani kumeota nyasi, ila kaburi lenyewe safi, Kondo alikuwa analifagia. Jua lilikuwa kali. Nikasimama juu ya ile saruji nikayaona maneno, na kuvu la kijani limeshajaa kwenye herufi. Kumi na moja. Na namba ya kumi na mbili. Nikainama nikapagusa mbele yake kwa kiganja. Pakavu, laini, hapana kitu.

Nikamfokea. "Wewe bwana! Umekufa, kaa kama wafu wenzio! Mume wangu amekutendea wema ambao ndugu zako hawakukutendea, ndiyo malipo yake haya? Huna haya wewe?" Nikapiga fagio juu ya saruji. Nikapiga tena.

Nilipoacha kupiga, mlio uliendelea.

Tak.

Nikalitazama fagio. Limetulia.

Tak.

Ndege hakuna. Upepo hakuna. Mlio ulikuwa chini.

Tak.

"Zup," nikasema.

Sikutaka kusema. Nilisikia sauti yangu.

Tak. Kev. Tak. Mib. Tak. Dof. Nilitaka kukimbia, magoti yakakunjika yenyewe, nikajikuta nimekaa. Nimekaa kichwani mwa kaburi. Pale pale anapokaa mwalimu. Vaj. Rul. Pif. Gos. Jasho linaniingia machoni na siwezi kulifuta. Nuv. Hib. Zok.

Kumi na moja.

Tak.

Kimya.

Tak.

Alikuwa anangoja. Wallahi nawaambia, kungojwa ni kitu unachokisikia. Kama mtu amesimama nyuma yako na kalamu.

Nikaokota neno la kwanza lililonijia. "Chungu." Tak. "Mwiko." Tak. Nikampa jina la mama mkwe wangu. Mniwie radhi, nilimpa. Tak. Nikampa langu mwenyewe, "Mwanaasha," nikalivuta mwisho kama alivyokuwa akilivuta Kondo.

Tak.

Hakuvitaka vya rahisi.

Na mie tangu mwanzo nilikuwa najua anachokitaka. Kilikuwa kimenikaa mdomoni, kwenye ncha ya ulimi, mahali ambapo mama yeyote anakiweka. Nikamwona Kondo Alhamisi ijayo, anaingia uani, anamtazama mtoto, na safari hii hajipigi paji la uso. Nikamwona mtoto amesimama na mfuko mkononi, hajui amekosa nini. Hapo nikapiga hesabu zangu za kijinga. Nikasema moyoni, jina ni jina tu. Sauti. Mtoto si jina. Nitampa jina, mtoto nitabaki naye mwenyewe, na baba yake atabaki naye. Nitamwita mara ngapi kwa siku? Nitamwita "mwanangu", imekwisha.

Nikainamia saruji, midomo karibu iguse. Nikalisema.

Mlio ukakatika.

Nilirudi nikikimbia. Kisimani nikawaona wawili wanakuja kunipokea, jua la jioni liko nyuma yao, bado wameshikana mikono. Hakumwachia. Nikainua mkono. Nikafungua mdomo kumwita.

Mdomo ukabaki wazi.

Kondo akaniona. "Mwanaasha!" akapaza sauti, akalivuta mwisho.

Basi. Mmeshajua kwa nini nimewatajia kila mtu, hata mama mkwe nimemgusia, na binti yangu sikumtaja. Simfichi. Sina. Nimeambiwa jina lake mara elfu. Nalisikia likiingia, na nikitaka kulishika limeshatoka, maji kwenye pakacha. Majirani wakiniita, nasikia "Mama", halafu kitu. Mie naitikia hiyo "Mama". Kondo aliishi miaka tisa mingine, hakupanda tena Madale, na kila asubuhi alimwita binti yake kutoka barazani kwa sauti kubwa. Mtoto anaitika, "Labeka baba!" Na mie jikoni nasikia kama mtu amegonga sufuria. Yeye alimkumbuka mpaka dakika ya mwisho. Nilichokwenda kukichukua nilikipata, sitakufuru.

Ila binti alikua. Mtoto anaweza kuvumilia njaa, lakini mama asiyemwita jina? Alipokuwa mdogo aliniuliza, nikamgombeza. Alipoolewa aliniuliza, nikalia. Mwaka huu wa hamsini na nane, baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza, akaniuliza tena, kichanga kimelala mapajani mwake. Nikaona huyu sasa ni mama mwenzangu. Nikamweleza yote.

Akasema, "Nipeleke."

Tulikwenda Alhamisi, maana ndiyo siku ya makaburi, sikufikiri zaidi ya hapo. Kaburi limezama upande mmoja. Nikainama nikamsomea yale maneno, bado nayajua yote, yamekaa kichwani kama misumari. Zok. Kumi na moja. Nikainuka.

"Mbona hujamaliza?" akasema.

Mbele ya namba kumi na mbili palikuwa na neno. Refu kuliko mengine. Mwandiko si wa Kondo, na nilipopitisha kidole nikakuta kuvu la kijani limejaa ndani ya herufi, kuvu lile lile, kuukuu lile lile, kama neno limechorwa siku moja na wenzake, saruji ikiwa mbichi. Miaka miwili kabla binti yangu hajazaliwa. Na kiganja changu nilikiweka pale mwenyewe, hapakuwa na kitu.

Nikalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Halikuniambia chochote. Kwangu lilikuwa kama zup.

Binti yangu akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Rudia, mama."

Nikarudia.

"Rudia tena."

Nilirudia mpaka sauti ikanikauka. Analia, anacheka, mtoto mgongoni anamshangaa. Miaka kumi na minne hajalisikia mdomoni mwangu.

Basi kila Alhamisi sasa anakuja. "Mama, twende ukaniite." Nimkatalie vipi? Nani kati yenu angemkatalia? Tunakaa kichwani mwa kaburi, mie na yeye, tunaanza la kwanza pamoja ili nisipotee njiani, ameshayajua yote, hadi tufike kwenye lake. Mlio sijausikia. Nimetega sikio, sijausikia, nikasema labda mzee amelala, karatasi yake imejaa.

Jumapili iliyopita alikuwa uani kwangu anapepeta mchele. Akaacha kupepeta, akakaa na ungo mapajani.

"Mama," akasema, "hivi marehemu baba alikuwa anaitwa nani vile?"

"Kondo," nikamwambia.

"Ah, ndiyo. Kondo." Akacheka kidogo, akaendelea kupepeta.

Mchele haujaisha kwenye ungo akaniuliza tena.